"Umekuja kusoma au kunisomesha?" Nimeulizwa hivyo mbele ya mgonjwa!

Wakuu, nimetoka wodini sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Yule mhadhiri, ambaye hakuna mwanafunzi wa udaktari hapa Moshi asiyemfahamu, leo asubuhi kwenye raundi alikifunua kidonda cha mguu cha bibi mmoja mwenye kisukari, akakipiga picha kwa simu yake, na kabla hatujafika kitanda cha pili picha ilikuwa imekwisha kupanda kwenye stetasi yake ya WhatsApp, khanga ya bibi na namba ya kitanda vikionekana waziwazi. Nilipomuuliza kwa adabu, "Samahani Dokta, bibi ameridhia?", alinigeukia na kusema: "Umekuja kusoma au kunisomesha?"

Ni yeye huyu aliyetufundisha maadili wiki iliyopita! Alituandikia ubaoni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwamba Tamko la Geneva, yaani kiapo cha madaktari, linamtaka daktari atunze siri hata mgonjwa akifariki, kisha akamfokea mwenzetu kwa kujipiga picha akiwa na koti jeupe. Koti lina siri kuliko kidonda? Kufikia mchana hata mbuzi wa Kiboriloni walikuwa wamekwisha kuiona picha ile.

Bibi aliivuta khanga, akaufunika mguu, akaniuliza polepole: "Mjukuu wangu, mguu wangu ameupeleka wapi?" Nilikosa jibu. Na aliniambia vile mbele ya bibi huyo huyo: "Umekuja kusoma au kunisomesha?"

Koti Jeupe: Pole sana, mkuu. Sisi alirusha eksirei yenye jina kamili la mgonjwa, na tulipomweleza alituuliza swali hilo hilo, neno kwa neno.

Mzee wa Pasua: Mtoa mada, swali uliloulizwa hujalijibu hadi sasa. Ulikwenda kusoma, basi soma.

Nesi wa Majengo: Wanafunzi nanyi msijifanye malaika. Juzi wenzenu walirekodi video ya kucheza ya TikTok nje ya chumba cha upasuaji, huku ndugu wa mgonjwa wakilia kwenye benchi.

Mwana Arusha: Afadhali yenu. Wa kwetu hutuma sauti ya dakika 18 kwenye kundi saa sita usiku, na asubuhi huhesabu waliosikiliza kuwa ndio mahudhurio.

Koti Jeupe: Na aliyeishiwa bando je?

Mwana Arusha: Huandikwa mtoro. Mimi nimekwisha kuandikwa mara 3.