Wavu kwenye mtaro unaoingia mto Kawa: utashika, au tutafurisha nyumba za watu?

MamaWaKadutu
Habari zenu, wana Bukavu. Naishi Kadutu, juu ya mto Kawa. Mvua ikianza tu, hata usiku wa manane, milango inafunguka: ndoo za takataka zinamwagwa mtaroni ili maji yabebe. Asubuhi mtaro ni safi na watu wameridhika. Lakini Kawa inashuka ziwani, na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Mdogo wangu anavua sambaza. Kuna alfajiri nyavu zinapanda na sashe, mifuko ya plastiki, nyingi kuliko samaki. Kinachoniumiza zaidi ni wale wa chini yetu wanaochota maji ya Kawa hiyohiyo kufulia, robine (mabomba) zikikauka.

Kina mama wa avenyu tunataka kuchanga pesa, tutege wavu pale mtaro unapoingia mtoni. Waliojaribu, mnasemaje?

FundiMaji_Bagira
Mama, shikamoo. Wavu usitege. Mvua zetu hazina subira: sashe ya kwanza inalala kwenye tundu, ya pili inalala juu yake, majani yanaziba kilichobaki, na kabla hujavaa kandambili maji yamepanda ukuta yanaingia kwa jirani. Mwaka huo hamtapata mtu wa kuwaunga mkono tena.

Chomelesheni nondo, zilazwe mshazari, kichwa kikielekea maji yanakokwenda. Kati ya nondo na nondo ngumi ipite. Takataka zitapanda juu ya mteremko wa nondo, maji yatapita chini. Sehemu ya juu iache wazi, maji makubwa yapate njia. Halafu tafuteni mtu wa kuzisafisha kila baada ya mvua, na alipwe. Bila huyo, msianze.

Kijana_Nguba
Niliwahi kufanya kibarua cha kuopoa takataka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, lile la tangu 1959. Chupa zinaelea, hizo unazivuta na mti. Shida ni sashe: inakunywa tope, inazama, inakwenda kubandika kwenye vyuma vilivyo mbele ya mashine, na lazima mtu apige mbizi aitoe kwa mikono, gizani, maji yakimvuta. Mashine ikisimama, mitaa inakosa umeme. Chini yake kuna Ruzizi ya pili, ya 1989, ambayo tunaitumia pamoja na Rwanda na Burundi. Na mto wenyewe unaendelea hadi Tanganyika. Waambieni hivyo majirani, mama, maana wengi wanadhani ndoo yao inaishia ziwani.

Mwalimu_Ibanda
Naunga mkono nondo, lakini mnasahau udongo. Angalieni rangi ya Kawa baada ya mvua: nyekundu. Huo ni mlima unaoshuka, kwa sababu tumekata miti na kujenga hadi ndani ya korongo. Tope linafunika mawe na mchanga wa ukingoni, na samaki wanaotaga penye maji mafupi wanakosa mahali. Pandeni matete na mianzi kwenye kingo. Mikaratusi ipandwe mbali na chemchemi, inakunywa sana.

MamaWaKadutu
Asanteni sana, wanangu na mwalimu. Wavu tumeuacha. Lakini takataka zikishaopolewa, tuzipeleke wapi? Kwetu gari la takataka halipandi, njia ni ngazi tupu.

FundiMaji_Bagira
Hapo ndipo pesa ziende kwanza, mama, kabla ya nondo. Kila nyumba ilipe kidogo kwa mwezi, vijana wabebe magunia mgongoni hadi barabara ya gari, siku inayojulikana. Maganda na mabaki ya chakula myatenge, yachimbiwe shimo yawe mbolea. Gunia litakuwa jepesi zaidi ya nusu. Shefu wa avenyu aandike orodha ya wanaolipa, na barua ya nondo ipite kwake hadi komini, yaani utawala wa eneo, kwa sababu mtaro si wenu peke yenu. Chomeleeni kiangazi, kati ya Juni na Agosti, chini pakiwa pakavu. Ukipima upana wa mtaro nitumie, nitakuambia nondo ngapi.