MREJESHO: Nywele za kipilipili zilizokuwa zinakauka Dodoma

Wadau, habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza nipake nini baada ya kuhamia Dodoma kutoka Tanga, maana upepo wa huku ulikuwa unanikausha nywele hadi ncha zinakatikia kwenye chanuo. Asanteni sana, hasa dada aliyesema "maji kwanza, mafuta baadaye".

Hilo ndilo nililofuata. Nagawa kichwa mafungu, napulizia maji, napaka kondishena ya kuacha kichwani, kisha siagi ya shea kidogo niliyoiyeyusha viganjani. Nazidisha kwenye ncha, halafu nasokota. Nywele zinakaa laini siku kadhaa bila kuongeza kitu, na chanuo sasa linatoka na vipande vichache mno. Kilemba cha satini usiku nacho kimesaidia. Foronya ya pamba ilikuwa inaninyonyea mafuta yote.

Jeli ya mbegu za kitani imegoma. Nikiipaka juu ya shea inaganda vipunje vyeupe, utadhani nina mba. Juu ya kondishena tupu inashika vizuri, ila kufikia jioni nywele kavu. Basi naitumia nikiwa na sherehe tu.

Nywele za pembeni mwa paji bado hazijajaa. Mafuta ya nyonyo nimepaka, sijaona tofauti. Aliyeniambia niache kwanza kusuka rasta za kubana nadhani ndiye mkweli. Nimeziacha, nasubiri.