Mji Mkongwe kwa nyeusi na nyeupe: Pentax K1000, Ricoh GR III au X100V?

Kijana_wa_Buguruni: Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nakwenda Unguja siku nne, nataka kupiga picha za mitaani Mji Mkongwe, nyeusi na nyeupe tupu. Niko njia panda: Pentax K1000 ya mtumba na filamu za Ilford HP5, Ricoh GR III, au Fujifilm X100V, hizi mbili za dijitali. Nataka kununua wiki hii. Nichukue ipi?

Fundi_Lenzi: Bajeti? Filamu utasafishia wapi? Ulishawahi kupiga filamu au ndiyo unaanzia huko? Mnauliza "nichukue ipi" kama mnachagua soda.

Mama_Vivuli: GR III, hakuna mjadala. Inaingia mfukoni, lenzi yake ni sawa na milimita 28, yaani inaona pana. Unafunga fokasi mita mbili, unabonyeza tu. Kule Kiponda kuna vichochoro ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Hiyo 35 ya Fuji itakubana.

Fundi_Lenzi: GR haina tundu la kuchungulia. Saa nane mchana pale Forodhani utakuwa unaangalia pua yako kwenye kioo.

Mzee_wa_Negativu: Filamu ni tamu, ila sikilizeni yaliyonikuta. Nilipiga roli tatu za HP5, siku mbili nzima, Darajani, Malindi, Sokomuhogo. Kuna mzee alikuwa anapiga kanzu pasi ya mkaa barazani, kanyunyiza maji, mvuke unapanda ndani ya mwale wa jua. Nikajua safari nzima ni picha hii. Kurudi Dar nikazipeleka studio moja. Kijana wa kaunta hakuuliza kitu, akazitia kwenye mashine ya filamu za rangi. Sasa HP5 picha yake ni fedha, na dawa ya rangi kazi yake mojawapo ni kuiondoa fedha yote. Nikarudishiwa roli tatu zinang'aa kama nailoni ya maandazi. Hata namba za pembeni zimefutika! Halafu kijana ananiambia, "Mzee, kamera yako haikufungua." Tangu hapo nasafisha mwenyewe bafuni. Nako kuna shughuli: dawa inataka nyuzi 20, maji ya bomba yanakaribia 30, kwa hiyo kwanza natuma mtoto barafu.

Fundi_Lenzi: Pole, mzee. Ungetumia Ilford XP2. Ni nyeusi na nyeupe lakini inasafishwa kwa dawa hiyohiyo ya rangi.

Mzee_wa_Negativu: XP2 haina roho.

Fundi_Lenzi: Roho ndiyo nini? Zile chembechembe za kwenye picha?

Binti_Mkunazini: Mie nimezaliwa hapahapa. Mnabishana kamera, hakuna alouliza kama hao watu wanataka kupigwa. Nikitoka na kapu langu kwenda Darajani, mtu kanivizia pembeni na likamera. Buibui jeusi, ukuta wa chokaa, najua inapendeza. Basi hata salamu? Nenda Jaws Corner, kaa, kunywa kahawa, tazama dhumna. Kikombe cha pili hakuna anokushughulikia. Na kwanza pita Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta. Ranchhod Oza kaianzisha 1930, picha za Unguja ya zamani zimejaa ukutani. Na saa sita usitoke, jua baya.

Mama_Vivuli: Dada yangu, hapo sikubali. Saa sita ndipo jua linapofika chini kichochoroni! Unapata mstari mmoja mweupe, kwingine kote giza. Unasubiri mtu aukanyage.

Pwani_Kabisa: Kwa nini asiende Lamu? Punda na mashua, pikipiki chache. Huko Unguja hata Beit el-Ajaib, lile jumba la sultani, iliporomoka sehemu Desemba 2020.

Binti_Mkunazini: Lamu imeingiaje hapa?

Pwani_Kabisa: Nasema tu.

Kijana_wa_Buguruni: Ahsanteni wakuu. Bajeti ni milioni moja na laki mbili. Halafu nilisahau kusema, ndani nina Nikon D5300 na lenzi yake ya 18-55.

Fundi_Lenzi: ULISAHAU? Kwa hela hiyo GR III mpya sahau, X100V usiitaje. Tafuta lenzi ya DX 35mm f/1.8 ya mtumba, weka kamera kwenye Monochrome (nyeusi na nyeupe), piga RAW, yaani faili ghafi, ili rangi zibaki chini kama ukizihitaji. Chenji kalalie Shangani siku nne zaidi.

Mama_Vivuli: D5300 ikilia "klaa" mtaa mzima unageuka.

Mzee_wa_Negativu: K1000 inalia kuliko hiyo na sijafukuzwa popote.

Binti_Mkunazini: Hujafukuzwa kwa kuwa u mzee.

Kijana_wa_Buguruni: Wakuu, kuna jamaa Kariakoo ana K1000, laki mbili na nusu. Anasema mita ya mwanga imekufa. Niichukue?

Mzee_wa_Negativu: Imekufa au betri imeisha? Betri kazi yake ni mita tu, shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, inafanya kazi bila betri. Nenda na betri yako mfukoni.

Fundi_Lenzi: Na mmulike lenzi kwa tochi, uone kama ina ukungu.