Ushauri: Nampeleka mama visiwa vya Ryukyu (Okinawa), tuanzie wapi?

Binti Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nasoma Fukuoka, Japani, na mama anakuja kunitembelea kutoka Pangani, Mungu akipenda. Nataka nimpeleke visiwa vya kusini, vile vya Ryukyu ambavyo wengi tunaviita Okinawa tu. Tuna kama wiki moja. Nafasi zangu ni mbili: mwisho wa Machi kuingia Aprili kabla muhula haujaanza, au Agosti.

Mama ana miaka sitini na kitu. Anatembea vizuri, ila magoti hayataki ngazi nyingi. Amekulia mdomoni mwa mto, na marehemu babu alikuwa mkata boriti kwenye mikoko. Sioni sababu ya kumsafirisha kote huko nikamwonyeshe mchanga mweupe. Nataka aone kisichopo kwao: misitu, wanyama, habari za ule ufalme wa zamani. Sisi ni Waislamu, na chakula ndicho kinanitia wasiwasi kuliko vyote, maana nasikia huko kila sufuria ina nguruwe.

Kwa hiyo naomba mnisaidie: twende lini, visiwa vipi, na tule nini. Leseni ya Japani ninayo, naendesha mwenyewe. Natanguliza shukrani.

Kaskazi Kusi

Karibu dada. Nilifanya kazi Naha, mji mkuu wa Okinawa, miaka kadhaa, nitakueleza ninachokijua.

Agosti achana nayo. Huo ndio msimu wa vimbunga, na kimbunga kikikaa juu ya visiwa, ndege na boti vyote vinasimama. Mnaweza kufungiwa chumbani siku mbili tatu, na joto juu yake. Katikati ya Mei hadi karibu mwisho wa Juni ni mvua. Mwanzoni mwa Mei Wajapani wenyewe wana likizo na bei zinapaa. Mwisho wa Machi na Aprili ndio wakati wenu: hali ya hewa ni ya kutembea, na msituni vimulimuli wa Yaeyama (visiwa vya kusini-magharibi kabisa, kama Ishigaki na Iriomote) wanaanza kuwaka jua likizama, kwa muda kama wa nusu saa, kisha wanazima.

La pili ni ramani, na hapa ndipo wengi wanapotea. Visiwa hivi vimetandaa zaidi ya kilomita 1,000, kutoka chini ya Kyushu, kisiwa unakosoma, hadi Yonaguni, ambako Taiwan iko kilomita 110 hivi tu. Naha kwenda Ishigaki ni zaidi ya kilomita 400 na boti ya abiria haipo siku hizi, ni ndege ya kama saa moja. Ukijipangia Amami, Okinawa, Miyako na Yaeyama kwa wiki moja, mama ataviona viwanja vya ndege kuliko visiwa. Chagua sehemu mbili. Mimi ningesema kisiwa kikuu cha Okinawa kwa ajili ya historia, halafu Ishigaki muweke kituo, mtoke hapo kwa boti kwenda Iriomote na Taketomi.

Pweza wa Nungwi

Mkuu hapo juu umeiruka Miyako, nami naitetea. Kisiwa ni tambarare, mawe ya matumbawe matupu, hakuna mto wa maana unaomwaga tope baharini, ndiyo maana maji yake ni safi kiasi kile. Daraja la Irabu lilifunguliwa 2015, lina urefu wa mita 3,540, na hulipii kulivuka. Bimkubwa hapandi ngazi hata moja, anakaa garini anaangalia bahari pande zote mbili.

Kaskazi Kusi

Pweza, Miyako ni nzuri, sikatai. Lakini dada amesema wazi kwamba bahari mama anayo nyumbani. Msitu Miyako ni haba.

Msikundazi

Nimeona neno mikoko nikashindwa kupita kimya. Mimi ni mtu wa misitu, nimewahi kufanya kazi kwenye delta ya Rufiji, na Iriomote nimefika. Dada, mpeleke mama Iriomote hata kama mtakosa kila kitu kingine.

Karibu asilimia 90 ya kisiwa kile ni msitu. Pandeni boti inayopanda Mto Nakama kutoka bandari ya Ohara. Mama anakaa kitini mwanzo mwisho, isipokuwa mwendo mfupi wa kushuka kule juu. Kwenye kingo ataona msinzi, wengine tunauita muia, uleule wa kwetu wenye mizizi iliyopinda kama magoti. Ataona mchu. Ataona mkoko wa jamii moja na wetu. Na kule juu upo msikundazi mmoja unaokadiriwa kuwa na miaka 400, mizizi yake imetoka shinani ikasimama wima, bapa, inajikunja huku na huku, mingine imepita kimo cha mtu. Ndio mti uleule tulionao Rufiji. Binti wa mkata boriti akiusimamia pale, hahitaji mtu wa kumfasiria. Tena mwombe akueleze yeye matumizi ya kila mmoja, uandike.

Iriomote ina paka wake wa mwituni ambaye hapatikani popote pengine duniani. Wanasayansi walimtambulisha mwaka 1967, na waliobaki wanakadiriwa kuwa karibu 100. Usitarajie kumwona. Utakachoona ni jinsi watu wanavyomlinda: alama za barabarani zenye picha yake, vipande vya lami vilivyochongwa ili gari likipita litoe mngurumo umshtue mnyama, na njia zaidi ya 100 za kupitia chini ya barabara. Kinachomuua sana ni magari. Kwa hiyo ukikodi gari pale endesha taratibu, 40 kwa saa nje ya vijiji, na usiku ikiwezekana lisiondoke kabisa.

Msitu huo, pamoja na Yanbaru kaskazini mwa Okinawa, Amami Oshima na Tokunoshima, uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2021. Yanbaru kuna ndege asiyeruka, kuina, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 1981 tu. Naye ana kisa kinachoniuma. Mwaka 1910 waliletwa nguchiro Okinawa ili wale nyoka wa sumu, habu, na panya. Habu anatoka usiku, nguchiro anawinda mchana. Hawakukutana. Waliokutana na nguchiro ni ndege wanaotembea chini na viumbe wengine waliokuwa hawajamjua adui wa namna hiyo tangu asili. Amami nao waliletewa nguchiro 1979, na huko sungura weusi wa zamani, wasiopatikana pengine ila hapo na Tokunoshima, nusura waishe. Watu wa Amami waliweka mitego na mbwa wa kunusa miaka na miaka, hadi Septemba 2024 serikali ikatangaza kwamba nguchiro wamekwisha kisiwani. Kisiwa kikubwa namna ile! Sijui kazi nyingine ya uhifadhi inayonipa moyo kama hiyo.

Mama Ilham

Mdogo wangu, pole na hongera kwa kumkumbuka mama. Nije kwenye chakula, maana hilo si la kupuuzia.

Nguruwe kweli yuko kila mahali, hata pale usipomwona. Soba ya Okinawa, yaani tambi za supu, supu yake ni mifupa ya nguruwe na samaki mkavu. Goya champuru, yaani mtango mchungu (karela) wa kukaanga na mayai na tofu, mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe au ile ya kopo. Andagi, vitumbua vigumu vya kukaanga, kuna wanaotumia mafuta ya mboga na wapo wanaotumia ya nguruwe, uliza kila mahali. Na kile kichupa cha pilipili mezani, ambacho Mswahili anakikimbilia kwanza, usikiguse: pilipili zile zimelowekwa kwenye awamori, pombe yao ya mchele.

Sasa vya kula. Kodisheni nyumba yenye jiko. Naha mwende Soko la Makishi, lililofunguliwa upya kwenye jengo jipya mwaka 2023. Samaki wamepangwa pale kwa rangi zote, changu na kolekole mama atawajua, mnunue mkapike wenyewe. Wale wauzaji wanaweza kukupeleka ghorofani upikiwe, ila mafuta na viungo hutavijua, kwa hiyo mimi sikushauri. Kuna mwani laini unaoitwa mozuku, wanaulima kwenye nyavu maji mafupi. Okinawa ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya mozuku wote wa Japani. Kwa mama wa Tanga hilo ni jambo la kukaa na kuulizia. Nunua ambao haujatiwa siki ya dukani, uukamulie limau mwenyewe. Pia jimami, tofu ya karanga, tamu sana, ila soma mchuzi wake umetiwa nini.

Msikiti upo Nishihara, nje kidogo ya Naha. Yaeyama bebeni mkeka na dira.

Kilwa Kisiwani

Shikamooni wakubwa, na dada salaam. Niongeze upande wa ufalme.

Ryukyu haikuwa Japani. Sho Hashi aliunganisha falme tatu za kisiwa mwaka 1429, na makao yakawa ngome ya Shuri, hapo Naha. Walikuwa wafanyabiashara: China, Siam, Malaka, Korea, vyote vilipita mikononi mwao. Mwaka 1609 watu wa Satsuma kutoka Kyushu waliwavamia, wakaiacha nchi iwe na mfalme lakini ikiwatumikia wao, na mwaka 1879 Japani ikaufuta ufalme wenyewe. Ukienda na picha hiyo kichwani, kila jiwe linasema.

Shuri mjiandae kisaikolojia. Iliteketea vitani 1945, ikajengwa upya na kufunguliwa 1992, ikaungua tena alfajiri ya tarehe 31 Oktoba 2019. Jengo kuu limepangwa kukamilika vuli ya 2026. Hata kabla ya hapo mimi ningekwenda, kwa sababu kuwaona mafundi wakirudisha kitu chao kwa mara nyingine ni sehemu ya historia hiyo. Ngazi zipo, ulizeni getini njia ya kiti cha magurudumu. Hatua chache kutoka hapo kuna Tamaudun, makaburi ya wafalme ya mwaka 1501, kimya na pazuri.

Kwa magoti ya mama, ngome ya Katsuren ni mlima, iacheni. Nendeni Zakimi: mwendo mfupi kutoka maegesho, na kuta zake za mawe ya matumbawe zinakwenda kwa mawimbi, hazina kona kali. Kwenye ngome hizi walichimbua vyombo vingi vya Kichina, vya kijani, vya aina tunayoiokota Kilwa na Gedi. Pande mbili za mbali, wateja wa tanuri zilezile. Mimi nilisimama mbele ya vigae vile kwenye kabati la makumbusho nikashindwa kuondoka.

Binti Pangani

Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba. Machi basi, na Iriomote imepita bila kupingwa. Nimemsomea mama habari za msikundazi kwa simu, amecheka, akasema mti ule jahazi linaujua.

Maswali mawili yamebaki. Nimesoma kuhusu sehemu zao takatifu, utaki. Je, kwa sisi kuingia ni sawa? Na mambo ya vita ya 1945: nimpeleke mama, au ni mazito mno?

Kilwa Kisiwani

Utaki ni vichaka na mawe matakatifu ambako ibada iliongozwa na wanawake, makuhani wanaoitwa noro. Walio karibu na Kaya za Wamijikenda wataelewa haraka: msitu umebaki kwa sababu umeheshimiwa. Sefa-utaki iko kwenye Urithi wa Dunia na inapokea wageni kwa tiketi, kuangalia tu, bila kugusa vyungu wala kukalia mawe. Njia yake ni ya mawe yanayoteleza, mfikirie mama. Nyingine vijijini, hasa Taketomi na Ishigaki, zina lango dogo la jiwe na kichaka nyuma yake. Hizo usiingie hata kama hakuna mtu wala kibao. Simama nje, pita.

Mama Ilham

Vita, mimi nasema mpeleke. Bustani ya Amani ya Mabuni iko wazi, ni tambarare, inatazama bahari. Majina zaidi ya 240,000 yamechongwa kwenye mawe meusi: watu wa Okinawa, wanajeshi wa Japani, Wamarekani, Wakorea, wote pamoja. Nilimwona bibi mmoja amemimina maji juu ya jina, akalifuta kwa kitambaa taratibu, herufi moja moja, kisha akaweka chungwa chini yake. Mama zetu wanaelewa hayo bila maelezo. Ila jumba la makumbusho la ndani lina picha kali. Muulize kwanza kama anataka.

Kaskazi Kusi

Nimalizie ya safari. Siku za mwanzo Naha: Shuri na Tamaudun mnafika kwa ile treni ya reli ya juu, gari mnalihitaji kwa Zakimi na Mabuni tu. Kisha ndege hadi Ishigaki, mlale karibu na bandari.

Boti za Iriomote zinaenda bandari mbili. Uehara ya kaskazini hufutwa mara kwa mara upepo wa kaskazini ukivuma, na mwisho wa Machi bado huvuma. Ohara ya kusini ni ya uhakika zaidi, na ndiko kwenye Mto Nakama. Siku hiyohiyo mnaweza kufika Yubu, kisiwa kidogo mnachovukia juu ya mkokoteni wa nyati majini. Maji yenyewe ni ya magotini. Msipange maporomoko ya Pinaisara, kule ni kupanda, tena kuna maeneo ya ndani ambayo lazima muwe na mwongozaji aliyesajiliwa. Angalieni saa ya boti ya mwisho ya kurudi kabla ya kuondoka gatini.

Taketomi ni dakika kumi na tano kutoka Ishigaki. Nendeni asubuhi mapema, wenyeji wakiwa wanafagia njia za mchanga mbele ya nyumba zao, kabla wageni wa mchana hawajajaa.

Machi ni likizo ya vyuo vyote, kwa hiyo gari la kukodi lishike sasa, hata kabla ya hoteli. Ukishapata tarehe za ndege ziweke hapa, nikuangalizie boti.