Kutazama ndege Gombe: safari yangu ya kwanza ilikwama wapi?

Binti wa Ujiji

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa mwaka mmoja sasa nimejizoeza kutambua ndege wa ufukweni hapa kwetu, kuanzia mdiria mweusi na mweupe anayepigapiga mabawa mahali pamoja juu ya maji kabla ya kujitosa, hadi kwazi, yule tai wa samaki mwenye kichwa cheupe ambaye kila mvuvi anaijua sauti yake. Mwezi uliopita tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe tukiwa watu tisa na mwongozaji mmoja. Tulifika Kasekela, kituo cha hifadhi kilichopo ufukweni, saa tano asubuhi, tukapanda kwa haraka kuelekea maporomoko ya Kakombe, na kwa muda wa saa tatu nilisikia sauti nyingi juu ya vichwa vyetu bila kumwona vizuri hata ndege mmoja. Nilisikitika sana, na bado natamani kurudi. Je, tatizo lilikuwa saa, mwendo, au darubini yangu ndogo iliyoandikwa 10x25?

Mzee wa Kibirizi

Dada, pole kwa safari. Gombe ni ukanda mwembamba wa mabonde yanayoteremka kutoka kwenye kingo za juu upande wa mashariki hadi ziwani upande wa magharibi, kwa hiyo jua, ambalo hapa Kigoma huchomoza karibu saa moja, huchelewa zaidi kufika chini bondeni. Ndege huanza kuchangamka kwenye vilele vya miti vinavyopata mwanga mapema, na ifikapo saa tano wengi wamekwisha kutulia kivulini. Boti za abiria za kwenda huko kwa kawaida huondoka Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, mchana, hivyo anayetaka kuuona msitu ukiamka hana budi kukodi boti yake au kulala Kasekela. Mimi nakushauri ulale.

Watu tisa ni wengi mno. Nendeni watatu au wanne. Mweleze mwongozaji tangu mwanzo kwamba umekuja kwa ajili ya ndege, kwa maana wageni wengi huja kuwaona sokwe, na mwendo wa kuwafuata sokwe haufanani hata kidogo na mwendo wa kutazama ndege. Mwongozaji anayeijua kazi hii hutembea hatua chache, akasimama kwa muda mrefu, akasikiliza, kisha akakuonyesha tawi. Wewe likazie tawi hilo macho na uinue darubini bila kuyaondoa; ukiinama kuitafuta darubini kifuani, umempoteza ndege. Mkikutana na msafara wa siafu, msiondoke upesi. Chomekeni suruali ndani ya soksi, msimame kando, kwa sababu wadudu wanaowakimbia siafu huwavuta ndege wa chini ya msitu ambao siku nyingine ni vigumu kabisa kuwaona.

Fundi Lenzi

Naomba nijibu la darubini, kwani nadhani ndilo lililokuumiza zaidi. Namba 10 ni ukuzaji, na 25 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa 25 kwa 10 unapata milimita 2.5, yaani upana wa mwanga unaofika jichoni, ilhali darubini ya 8x42 hutoa zaidi ya milimita 5. Ufukweni kwenye mwanga mkali hutaona tofauti kubwa, lakini chini ya miti mboni ya jicho hupanuka, na darubini yako haiwezi kuijaza, kwa hiyo ndege anabaki kivuli tu. Azima ya 8x42.

Kisha mwombe mwongozaji akupeleke kwenye mkuyu wenye matunda yaliyoiva, mkae hapo hata saa nzima. Hapo ndipo nilipomwona shorobo kwa mara ya kwanza: mwili wa zambarau iliyokolea hata ukadhani ni mweusi, mdomo wa njano, kishungi chekundu. Alikuwa akikimbia juu ya tawi kama kindi, kisha akaruka, na mabawa yakafunguka mekundu tupu. Wekundu huo unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani ya manyoya yenyewe. Kwenye michikichi usiache kumtafuta tumbusi mweupe mwenye mabawa meusi, kwa kuwa huyo, tofauti na tumbusi wengine, hula zaidi chikichi kuliko mizoga.

Mrina Asali, Tabora

Mimi ni mtu wa miombo, na miteremko ya Gombe nayo ina miombo, kwa hiyo usiishie bondeni. Huko waweza kukutana na mlembe. Babu yangu alimfuata ndege huyo hadi kwenye mizinga ya nyuki wa porini: hulia mfululizo karibu na mtu, huruka kidogo huku akionyesha weupe wa pembeni mwa mkia, hutua, hungoja. Babu akishatoa asali, alimwachia masega, kwani mlembe ana uwezo wa kumeng'enya nta. Alinifundisha kutomtazama kwanza, bali kusikiliza sauti ilipohamia.

Binti wa Ujiji

Nawashukuru sana. Nitakwenda na dada yangu na jirani mmoja, tutalala Kasekela, na darubini nimekwisha kuazimiwa.

Mzee wa Kibirizi

Vema. Mmoja wenu akiwa na mafua au kikohozi siku hiyo, ahirisheni. Hata mkienda kwa ajili ya ndege mnaweza kukutana na sokwe njiani, na maradhi yetu ya njia ya hewa huwaambukiza na kuwaua.