Kozi ya wiki moja ya matanga Shelisheli, kulala chomboni: nijiandae vipi?

fundi_henza:
Wakuu salaam. Mwezi wa saba naingia kozi ya siku sita Shelisheli, tunaondokea Eden Island pale Mahé. Chombo ni cha mlingoti mmoja, futi 40, wanafunzi wanne na mwalimu, cheti ni Competent Crew cha RYA, chama cha Uingereza cha vyombo vya matanga. Dau la Lamu nalimudu, ila hivi vyombo vya winchi (ngoma ya kukazia kamba) na matanga mawili sijavishika. Nijue nini kabla, ili wiki isiishie kwenye mafundo tu? Nikimaliza naweza kukodi chombo mwenyewe? Na kuna jamaa ananishauri nibadilishe nichukue katamarani (chombo cha miili miwili) kwa kuwa hailali upande.

Joshini:
Tuanze na cheti, maana hapo wengi wanapotea. Competent Crew ni cheti cha baharia, si cha nahodha. Hakina mtihani, mwalimu anakupima kwa kazi unazofanya siku hadi siku. Usitegemee kukabidhiwa chombo kwa hicho pekee. Ngazi inayofuata, Day Skipper, inataka uwe umeshakaa baharini siku 5, umetembea maili 100, na humo ziwemo saa 4 za usiku. Kwa hiyo kila jioni jaza kitabu chako cha safari, na siku ya mwisho kisainiwe. Saa za usiku ndizo ngumu kupata Shelisheli, kwa kuwa vyombo vya kukodi kwa kawaida havitakiwi kutembea gizani. Liulize hilo kabla hujalipa.

Mwezi wa saba ni kusi tupu, noti (maili za baharini kwa saa) 15 hadi 25. Mahé hadi kisiwa cha Praslin ni maili kama 25 kuelekea kaskazini-mashariki, na kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo linakupiga ubavuni kwenda na kurudi. Safari tamu, lakini hujifunzi kubisha, yaani kwenda kwa pembe kuelekea upepo unakotoka. Pa kubisha ni kisiwa cha Curieuse kwenda kisiwa cha La Digue: maili 7 hivi, na upepo unatoka kulekule unakokwenda. Mwombe mwalimu mfanye kipande hicho kwa matanga, asiwashe mashine. Wakiwa na haraka ya chakula cha mchana huwa wanawasha.

Katamarani iache kwanza. Chombo cha mkuku mmoja (mwili mmoja) kikizidiwa na upepo kinalala, usukani unakuwa mzito, unajua papo hapo kwamba tanga ni kubwa mno. Katamarani haikwambii kitu. Unapunguza tanga kwa kusoma kipima upepo, na ukichelewa kinachovunjika ni mlingoti. Ni nyumba nzuri, shule mbaya.

Msukani_Mkuu:
Kwa mtu wa dau, kosa la kwanza linajulikana hata kabla hajapanda. Kwenye dau ukibadili upande unaupa upepo tezi (nyuma ya chombo), na foromali (mti wa juu unaobeba tanga) inazungushwa mbele ya mlingoti. Huku kawaida ni kupitisha omo (mbele ya chombo) kwenye upepo. Tezi pia inapitishwa, lakini hiyo ndiyo yenye hatari: bumu, yaani mti wa chini ya tanga kubwa, unaruka upande hadi upande kwa nguvu ya kupasua kichwa. Ikibidi, vuta kwanza demani (kamba ya kuongozea tanga) ya tanga kubwa mpaka bumu ije katikati, geuza chombo taratibu, kisha ilegeze upande wa pili. Usiupeleke mkono wako kwenye usukani kwa mazoea.

Kubisha kwenyewe kunataka mwendo. Chini ya noti 3 au 4 omo itakwama katikati ya upepo, kisha mtaanza kurudi kinyumenyume. Mshika usukani anauliza kama wote wako tayari. Wa demani iliyokaza anaitoa kwenye kishikio lakini anabakiza mikunjo miwili kwenye winchi. Mwenzake wa upande wa pili anaweka mikunjo miwili na kuvuta ulegevu wote. Omo ikivuka upepo na tanga la mbele likaanza kujaa kinyume, hapo demani ya zamani inaachiwa yote kwa mkupuo. Ukiachia mapema mwendo unakufa. Ukichelewa, upepo unaisukuma omo kupita kiasi, na mwenzako atalazimika kuvuta tanga lililokwisha kujaa, kazi ya jasho isiyo na sababu. Yeye anavuta kwa mikono, haraka, na mikono ikishindwa ndipo anaongeza mkunjo wa tatu na wa nne, kisha anatia mpini wa winchi.

Kwa nini asiweke minne tangu mwanzo? Kwa sababu kamba iliyolegea yenye mikunjo mingi hupandana: mkunjo mmoja unabanwa chini ya mwingine, haiendi mbele wala hairudi. Dawa yake ni kufunga kamba nyingine kwenye demani ileile, mbele ya winchi, uipeleke kwenye winchi ya pili na kuvuta mpaka ya kwanza ilegee. Kisu kiwe cha mwisho kabisa. Winchi inazunguka kufuata mshale wa saa, na ushike kamba kwa ngumi, vidole vikae mbali na ngoma ya winchi.

fundi_henza:
Shukrani mkuu. Na kupunguza tanga kwa upepo huo wa noti 25?

Msukani_Mkuu:
Futi 40 nyingi huanza kulalamika kwenye noti 18 hadi 20, msisubiri 25. Legeza demani ya tanga kubwa pamoja na kamba inayovuta bumu chini. Teremsha henza (kamba ya kupandishia tanga) hadi kwenye alama yake, pachika pete ya tanga kwenye ndoana iliyo kando ya mlingoti, kaza henza tena. Baada ya hapo tu ndipo unavuta kamba ya kupunguzia ya nyuma mpaka pembe ya tanga ibane bumu. Wanaoanza na ya nyuma hupata tanga lenye mikunjo mbele, halishiki joshi (haliwezi kwenda karibu na upepo). Zile kamba ndogo za katikati ni za kufungia kitambaa kilichobaki. Zikikazwa sana ndizo zinazochana tanga.

MamaNgama:
Kaka fundi, hayo ya matanga umeshapewa na wenyewe. Ya ndani je? Choo cha pampu hakili karatasi. Pampu mara 20 kwa maji ya bahari, kisha rudisha swichi upande wa kukausha, la sivyo bakuli linajaa lenyewe chombo kikilala. Gesi ya jiko hufungwa kwenye mtungi kila baada ya kupika: ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngamani (chini kabisa ndani ya chombo) na kukaa huko ikisubiri cheche.

Nanga: tafuta mchanga, yaani maji ya rangi nyepesi. Doa jeusi ni majani au matumbawe. Kina kikiwa mita 6 na omo iko mita 1 juu ya maji, hesabu 7, zidisha kwa 4 hadi 5, toa mnyororo mita 28 hadi 35. Kisha rudi nyuma kwa mashine polepole, ongeza nguvu, na utazame vitu viwili vya pwani vilivyo kwenye mstari mmoja. Vikiachana, nanga inakokota. Weka pia kiganja juu ya mnyororo, ukitetemeka kwa kukwaruza maana yake ni hiyohiyo. Mwezi wa saba ghuba ya Anse Lazio, Praslin, imetulia. Wakati wa kaskazi, ambayo huko huvuma kutoka kaskazini-magharibi, mawimbi yanaingia moja kwa moja.

Kigegezi (kichefuchefu cha bahari): dawa ya sinarizini miligramu 30 saa mbili kabla ya kuondoka, baadaye 15 kila saa nane, na inasinziisha. Muulize mfamasia kama una dawa nyingine. Usishuke chini kupika wala kusoma simu, chukua usukani utazame upeo. Na uje na mkoba laini, sanduku la magurudumu halina pa kukaa.

Joshini:
Nyongeza moja. Ukijisomea maboya mtandaoni, angalia video imetoka wapi. Shelisheli ni kama Mombasa na Dar: ukiingia bandarini jekundu likae kushoto. Za Marekani na Karibi ni kinyume chake.