Maswali gani yanafaa tunapoajiri wahudumu wa hoteli?

Msimamizi, Lubumbashi:
Ndugu zangu, ninasimamia nyumba ya wageni yenye mgahawa, na karibuni tutaajiri mtu wa mapokezi pamoja na wahudumu wa meza. Kila ninapouliza, «Je, wewe ni mvumilivu?», wote hujibu ndiyo kwa adabu, nami nabaki sina njia ya kumtofautisha mmoja na mwingine. Wenye uzoefu, ninyi mnauliza nini?

Mama wa Kampemba:
Swali lenye jibu ndani yake halimpimi mtu. Mwombe asimulie jambo lililokwisha kumtokea: «Mteja alipokukasirikia, alisema nini, nawe ulifanya nini?» Kisha usikimbilie swali linalofuata, bali chimba hapohapo: ulimwarifu nani, mteja aliondokaje? Aliyepitia jambo hilo hukumbuka hata chakula kilichochelewa, ilhali anayetunga hurudia tu kwamba mteja ni mfalme.

Mpokeaji wageni:
Nakubaliana na Mama, ila tusiwafungie mlango vijana ambao hawajawahi kuajiriwa. Binti aliyemsaidia mama yake kuuza samaki katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, amekwisha kukutana na wateja wagumu, basi aulizwe habari za huko. Kwa mapokezi, mimi huuliza hivi: mgeni amefika usiku kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, amechoka, anatoa noti ya dola 100 iliyochanika kidogo pembeni, nawe unajua kwamba wauzaji wengi mjini wataikataa, utamwambia nini? Nasikiliza kwanza kama atamwachia mgeni heshima yake, halafu kama atalinda fedha za nyumba. Swali hilo hulirudia kwa Kifaransa, kwa sababu yupo anayejieleza vizuri kwa Kiswahili akakwama lugha ikibadilika.

Papa wa mgahawa:
Waulizwe wote maswali yaleyale, na kila anayehoji aandike alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake, maana mkubwa akitangulia kusema, wengine humfuata. Maswali ya kabila, ndoa na mimba yaachwe kabisa. Ni dhuluma, na hayakuonyeshi lolote kuhusu kazi. Kwa wahudumu wa meza, mpe kila mmoja sinia yenye glasi zilizojaa maji avuke nalo chumba, kisha apokee oda ya watu wanne, mmoja wao akibadilisha bukari (ugali) kuwa wali katikati ya maelezo, na airudie yote mbele yenu.

Msimamizi, Lubumbashi:
Asanteni sana. Swali la noti nitalitumia, na hilo la sinia nitalifanyia mgahawani kwenyewe, asubuhi kabla hatujafungua.